Kasha la Mtarakwa

Baba alikuwa seremala, na hakujua kutupa msumari. Akiukuta umepinda aliuweka juu ya jiwe, akaugongagonga kwa nyundo hadi ukanyooka, kisha akaubana kwa midomo kusubiri kazi. Kwa hiyo sikushangaa kumwona na misumari mdomoni Jumapili moja ya Septemba 1977, juu ya jukwaa la Kamiriithu, Limuru, alipoombwa apigilie mmoja kwenye ukuta wa nyumba ya maigizo. Hapo ndipo ingetundikwa hatimiliki ya shamba la Kiguunda, mhusika wa tamthilia iliyokuwa ikifanyiwa mazoezi. Alipigilia, akaujaribu kwa kidole, akashuka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, "Mtu hatundiki taito ukutani. Moshi utaila."

Yetu ilikaa kwenye kasha la mtarakwa alilolichonga mwenyewe, chini ya kitanda chao. Kasha lile likifunguliwa, harufu ya mti ilijaa nyumba nzima, hata mtu aliyekuwa jikoni akajua. Ufunguo ulifungwa kwa uzi kwenye mkanda wa Baba, mchana na usiku.

Limuru ni mahali pa baridi. Asubuhi za Julai ukungu hulala juu ya majani chai hadi jua lipande sana, na wachumaji hutokeza ndani yake vichwa tu, kama watu wanaovuka mto. Mama alikuwa mmoja wao. Alichuma kwenye shamba la watu, akarudi jioni na vidole vyeusi kwa utomvu ambao sabuni haikuuondoa. Jirani zetu wengi walifanya kazi kwenye kiwanda cha viatu cha Bata, wengine stesheni, wengine walilima viazi na kabeji. Sisi tulikuwa na ekari mbili zilizoteremka hadi kijitoni. Baba alizipata baada ya kutoka kizuizini. Alikuwa amechukuliwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na aliporudi miaka minne baadaye alikuta mashamba ya ukoo yameshapimwa na kuunganishwa upya bila yeye kuwapo. Alichoachiwa ni ule mteremko. Hakulalamika mbele yetu, ila kila mvua kubwa iliponyesha alitoka na taa ya chemni kwenda kutazama kama udongo bado upo.

Kamiriithu yenyewe, kijiji cha jirani na chetu, ilizaliwa na Hali hiyo ya Hatari. Serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kutoka kwenye vishamba vyao na kuwabana pamoja ili isiwe rahisi kuwapelekea chakula wapiganaji wa msituni. Waingereza waliondoka, kijiji kikabaki, na watu wengi ndani yake wakabaki bila shamba. Palikuwa na kituo cha vijana kilichochakaa. Mwaka 1976 wanakijiji walikifufua, na jambo la kwanza walilolianzisha lilikuwa kisomo cha watu wazima, tulichokiita ngumbaru. Mama alijiandikisha. Alikuwa na daftari moja na penseli fupi aliyoichomeka kwenye kitambaa cha kichwa hata akiwa kwenye majani chai. Siku alipoweza kuandika jina lake bila kunakili, aliliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Baba, ambaye asingekubali hata alama ya mkono kwenye mbao zake, hakulifuta. Lilikaa pale miaka mingi.

Kutokana na kisomo hicho ndipo tamthilia ilipozaliwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa sehemu zile zile, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliandika Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye wasomaji wa Kiswahili waliijua kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Kimani Gecau akawa mwongozaji. Waigizaji walikuwa vibarua, wafanyakazi wa kiwandani, akina mama wa kijijini. Jukwaa lilijengwa na watu wenyewe, mahali pa wazi, na viti vya kutosha watu elfu mbili vikipanda nyuma ili wa mwisho asizibwe na wa mbele. Sijui siku ngapi Baba alitoa pale. Mama alisema zilikuwa nyingi kuliko alizompa yeye kwa rafu za jikoni.

Mazoezi yalianza Juni, alasiri za mwisho wa wiki, na hayakufichwa. Mtu yeyote aliweza kuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye nyasi na kusikiliza. Kilichonishangaza mimi, msichana wa darasa la saba niliyezoea kuambiwa kitabu hakikosei, ni jinsi watu walivyokisahihisha. Mzee mmoja alimsimamisha mwigizaji katikati ya maneno na kumwambia kwamba mtu wa rika lake hamsemeshi mzee mwenzake hivyo, kuna methali inayotangulia. Mama mwingine alikataa namna wimbo ulivyoimbwa, akainuka na kuuimba mwenyewe. Walioandika walisikiliza na kubadilisha. Kufikia Septemba watoto wote wa kijijini tulijua maneno ya kila mhusika, na kule kisimani tulicheza Kiguunda na Wangeci kama wenzetu walivyocheza baba na mama.

Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu. Hatimiliki yake imetundikwa ukutani, ndiyo fahari ya nyumba. Tajiri anayemwajiri, Ahab Kioi, anakuja kumtembelea na mkewe Jezebel. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani wageni wameleta habari ya posa, maana binti yao Gathoni anatembea na John Muhuuni, mtoto wa tajiri. Kumbe wageni wamekuja kuwaambia wafunge ndoa ya kanisani, kwa sababu ile ya kienyeji ni dhambi. Ndoa ya kanisani ina gharama. Kiguunda anaweka shamba rehani kwa mkopo wa benki ambayo Kioi ni mmoja wa wakurugenzi wake. Gathoni anapata mimba, Muhuuni anamkana, ugomvi unazuka, na benki inadai fedha zake. Shamba linakwenda, na anayelinunua ni Kioi.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya tamthilia hii, na karibu yote yanazungumza juu ya ardhi, wafanyakazi na serikali. Hayo yamo, na ni kweli. Lakini mimi niliiona nikiwa na miaka 13, nimekaa kati ya mama yangu na kaka yangu, na naamini moyo wake uko kwenye chumba kimoja chenye meza mbovu, ambamo mume na mke wanahesabu fedha wasizonazo. Watu elfu mbili hawakunyamaza vile kwa ajili ya somo la uchumi. Walinyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa na meza hiyo nyumbani.

Kwenye meza yetu kulikuwa na ndoto tatu na karatasi moja.

Ya kwanza ilikuwa ya Kaka. Alikuwa na miaka 22, amemaliza kidato cha nne, na kwa miaka miwili alikuwa akishuka Nairobi na bahasha ya vyeti na kupanda nayo jioni. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum, na tangu hapo kila kijana wa Limuru aliona barabara kama shamba ambalo halijapata mwenyewe. Tena 1977 fedha zilionekana. Baridi ya barafu ilikuwa imeua mibuni ya Brazil miaka miwili nyuma, bei ya kahawa ikapaa, na huko chini Kiambu watu waliezeka mabati mapya, wakanunua redio na magari. Sisi wa juu kwenye chai tulitazama. Kaka alihesabu safari kwenye daftari langu la hesabu: Limuru hadi Nairobi, abiria kumi na wanane, safari sita kwa siku, toa mafuta, toa manamba. Alimwonyesha Baba. "Mkono mtupu haulambwi, Mzee," alisema. "Hili shamba halitulishi. Limelala tu."

Ya pili ilikuwa yangu, na kwa kuwa nilikuwa msichana haikutajwa sana. Nilikuwa nifanye CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Novemba. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia Baba kwamba nitapita vizuri, na kwamba aanze kutafuta karo ya shule ya bweni.

Ya tatu ilikuwa ya Mama. Baba alimtolea mahari mwaka 1953, mbuzi na ndama na pombe ya wazee, kila kitu kama desturi inavyotaka. Mwaka uliofuata akachukuliwa. Kaka alizaliwa miezi mitatu baadaye. Mama alimngojea mume wake miaka minne, ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, akichimba barabara kwa amri ya askari na mtoto mgongoni. Hakuna ndoa niliyowahi kuijua iliyothibitishwa zaidi kuliko ile. Na bado, kanisa alimoabudu lilimhesabu kama mtu anayeishi tu na mwanamume. Walipoitwa wenye ndoa kwenye meza ya Bwana, Mama alibaki kwenye benchi la nyuma pamoja nasi watoto, akijifanya anamfunga mdogo wangu kamba za viatu. Hakuweza kuingia chama cha wanawake wala kuvaa kitambaa chao. Alitaka cheti. Alitaka pia, na hili aliniambia mara moja tu tukichambua maharagwe, gauni jeupe, hata la kuazima.

Jibu la Baba kwa ndoto zote tatu lilikuwa moja: "Karatasi hii haiendi popote."

Usiku mmoja wa Agosti niliamshwa na harufu ya mtarakwa. Niliinua kichwa. Baba alikuwa amepiga magoti, amefunika taa kwa koti ili mwanga usimfikie Mama aliyelala. Alitoa karatasi, akaikunja ndani ya gazeti, akafunga kasha taratibu sana. Alfajiri yeye na Kaka waliondoka wamevaa nguo za kanisani, na siku yenyewe haikuwa Jumapili. Nilielewa. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa, na nilinyamaza. Mwanzoni mwa Septemba pikapu ikaja, kuukuu lakini imepakwa rangi ya buluu, na nyuma imewekewa turubai na mabenchi mawili ambayo Baba aliyapiga randa mpaka yakateleza. Mama aliambiwa kwamba rafiki wa Kaka mwenye fedha za kahawa ameingia ubia. Alipiga ngemi tano, vigelegele kama vya mtoto wa kiume anapozaliwa, na mimi niliyejua nikasimama kando yake nikamsaidia kupiga.

Kwa hiyo alipokuwa akitwambia kwamba moshi utaila taito, kasha letu lilikuwa tupu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili ya Oktoba 2, 1977, mwezi ambao Hali ya Hatari ilitimiza miaka 25 tangu itangazwe. Sijawahi kuona watu wengi vile Kamiriithu. Walikuja kwa miguu, kwa mabasi ya kukodi, kwa matatu, na Kaka siku hiyo alipiga safari nane. Tulikaa upande wa kulia, mahali Baba alipopajua kuwa mbao zake ni imara. Nilikuwa naijua tamthilia nzima kwa moyo, lakini sikuwa nimeiona na nguo zake. Wangeci alipovaa gauni jeupe la arusi na Kiguunda suti, na wawili hao wakaanza kutembea kama maarusi, uwanja wote ulicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanaojitambua. Nilicheka pia. Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamia mbele kidogo, mikono imekunjwa mapajani na vidole vyake vyeusi vimefichwa, na alikuwa analitazama lile gauni jinsi mtu anavyotazama chakula.

Nikaacha kucheka. Tangu siku hiyo sijaweza kucheka hapo, ingawa najua waandishi walikusudia tucheke, na walikuwa na sababu. Walitaka tuone jinsi mnyonge anavyofundishwa kuidharau ndoa yake mwenyewe. Lakini mwanamke anayetaka kuhesabiwa miongoni mwa wenzake hajadanganywa. Kosa liko kwa aliyemwambia kwamba kuhesabiwa kunanunuliwa.

Maonyesho yaliendelea Jumamosi na Jumapili, na sisi hatukukosa. Mvua za vuli zikaanza. Kwa kuwa jukwaa halikuwa na paa, mvua iliponyesha waigizaji walisimama, watu wakakimbilia chini ya miti na kwenye vibaraza, ikipita wakarudi kila mtu mahali pake na maneno yakaendelea pale yalipokatikia. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Jumapili moja ilishuka baada tu ya Kiguunda kuweka shamba lake rehani. Tulikimbilia kibaraza cha darasa la ngumbaru, watu wamesongamana, mabati yakilia juu yetu. Mama alimgeukia Baba.

"Baba watoto, ufunguo wa kasha uko wapi?"

Baba aligusa mkanda. "Uko hapa."

"Sikuulizi ufunguo."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ukingo wa kofia ya Baba. Kaka alifungua kinywa, na Baba akanyoosha mkono na kumzuia kifuani, kama mtu anayezuia mtoto asivuke barabara. "Nyamaza. Mkono uliotia sahihi ni wangu."

"Ni kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Elfu kumi na nane."

Mama hakupaza sauti. Alitazama mvua. Baada ya muda akanigeukia mimi, na sijui alijuaje, labda aliona uso wangu, akasema, "Na wewe." Maneno hayo mawili tu. Mvua ilipokatika watu walirudi kwenye viti wakipangusa mbao kwa kanga na kwa magazeti, nasi tukarudi. Mama alikaa pale pale alipokuwa. Aliitazama tamthilia hadi mwisho, hadi Kioi aliponunua shamba, macho yake makavu, na tuliporudi nyumbani alitembea mbele peke yake, haraka, na penseli yake kichwani.

Kwa wiki kadhaa wazazi wangu walisemezana kupitia sisi. "Mwambieni baba yenu maji ya kuoga yako tayari." Nyumba yetu haikuwa peke yake. Nilisikia kisimani kwamba wanawake wengine nao walirudi kutoka Kamiriithu na kuomba kuona karatasi za mashamba yao kwa macho yao. Nafikiri hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi iliyofanywa na tamthilia ile, na sijaiona ikiandikwa popote.

Novemba 16 onyesho lilipigwa marufuku. Leseni iliondolewa na wakuu wa wilaya, na Jumamosi iliyofuata watu walifika wakakuta kimya. Mwezi huo huo nilifanya CPE. Mwisho wa Desemba, usiku, Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa na polisi nyumbani kwake na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa gereza la Kamiti hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Kenyatta. Baba aliisikia habari hiyo akiwa anapiga randa. Aliacha kazi siku nzima. Alisema tu kwamba alidhani mambo ya watu kuchukuliwa usiku yalikwisha na Waingereza.

Matatu ya Kaka ilidumu miezi saba. Aprili 1978, asubuhi ya ukungu mzito, iliteleza kwenye mteremko na kulala ubavu. Hakufa mtu, mzee mmoja alivunjika mguu, na Baba alikwenda kumwomba radhi na mbuzi. Bima iligusa wengine, haikugusa gari. Kisha barua za benki zikaanza. Zilikuwa za Kiingereza, na mimi ndiye niliyezisoma kwa sauti mezani na kuzifasiri, nikiogopa kila neno. Mama alizichukua baada yangu na kuzipitia mwenyewe kwa kidole. Kiingereza hakukijua, lakini jina la mume wake alilijua, nambari ya shamba aliijua, na tarakimu za deni hazikuhitaji mfasiri. Ni yeye aliyegundua kwamba kiasi kilichotajwa katika barua ya tatu hakilingani na riba iliyotajwa katika ya pili. Alishuka na Baba hadi ofisini kwao, akaweka barua mbili kando kwa kando mezani, akaonyesha. Kiasi kilipunguzwa. Alitoka pale, Baba alinisimulia, akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, na njiani kwa mara ya kwanza tangu mvua ile akamsemesha moja kwa moja.

Hata hivyo ekari moja ilikwenda. Ilikuwa ile ya juu, ya barabarani, bora kuliko ya chini. Ilinunuliwa na jirani, mtu mwema aliyetoa bei ya haki, lakini nilipoona wapimaji wakipigilia vigingi kati ya viazi vyetu nilijificha jikoni. Shule ya bweni sikwenda. Nilisoma ya harambee, ya kutwa, na karo ya mwaka wa kwanza ilikuwa mtamba wa Mama.

Mwaka 1982 watu wa Kamiriithu walijaribu tena. Tamthilia mpya, Maitũ Njugĩra, ilikuwa iende kwenye Ukumbi wa Taifa Nairobi, ikakosa kibali. Na Ijumaa ya Machi 12 malori matatu ya polisi yalikuja Kamiriithu na kubomoa jukwaa. Nilikuwa nyumbani. Baba alingoja wiki moja, kisha akaenda kutazama. Alirudi jioni, mifuko ya koti imelemewa. Aliimwaga misumari juu ya jiwe lake, mingi, imepinda kila upande, mingine bado na vipande vya mbao. Akaketi akaanza kuinyoosha mmoja baada ya mwingine. Mama alimtolea taa giza lilipoingia, akakaa karibu naye, hawakusema kitu. Misumari ile iko kwenye paa la jikoni ninaloliona nikiandika haya.

Walifunga ndoa kanisani mwaka 1986, Jumatano, mashahidi wanne. Mama alitumia akiba yake mwenyewe ya chai. Nilimwambia nimemtafutia gauni jeupe la kuazima, akasema la kijani linatosha, wakati wa lile jeupe umepita. Baba alivaa koti la Kaka. Jumapili iliyofuata Mama aliinuka kutoka benchi la nyuma akaenda mbele. Alitembea polepole sana.

Wote wawili wamepumzika sasa, kwenye ekari iliyobaki, upande wa kijito. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, katika ule ule Ukumbi wa Taifa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Nilikata tiketi mbili za Kikuyu, nikamchukua Kaka. Alikuwa na miaka 67, na hakuwahi kuendesha tena baada ya mteremko ule. Alifanya kazi ya stoo hadi alipostaafu. Ukumbi una viti vya kitambaa na paa zuri. Vijana waliokaa nyuma yetu walicheka kwenye gauni jeupe, kama sisi tulivyocheka. Kaka hakucheka. Kiguunda alipotia sahihi, Kaka aliinuka akatoka.

Nilimkuta nje, amesimama karibu na ngazi, anatazama magari ya barabarani. Nilingoja. Miaka 45 hatukuwa tumewahi kulizungumza jambo lile, wala mimi sikuwahi kumwambia kwamba usiku wa Agosti nilikuwa macho.

"Lilikuwa gari zuri," akasema. "Wangenipa mwaka mmoja tu zaidi, ningelilipa."

"Lilikuwa zuri sana, Kaka," nikamwambia.

Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Nikamshika mkono, tukarudi.